Nilianguka, Mama Akanipa Mgongo

Jumapili. Mvua imekatika tangu mchana lakini anga bado zito, ziwa limekuwa la kijivu, na mimi sina hamu hata ya kula.

Leo tumeshinda mashindano ya ngoma huko Usagara. Kwa desturi yetu Wasukuma, vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watazamaji huamua kwa miguu yao: wakikupenda, wanawahama wapinzani wako na kuja upande wako. Jua lilipoanza kushuka, uwanja wote ulikuwa kwetu.

Isipokuwa mama.

Alikuwa amevuka na kivuko kutoka Kamanga, mara yake ya kwanza kuja kuniona nikicheza. Tangu kiwanda chetu cha Nyakato kipate mmiliki mpya na sisi tupunguzwe kazi, ngoma ndiyo kazi yangu, na utafiti wangu pia. Nimezunguka na redio kaseti nikiwauliza walemavu wenzangu jambo moja tu: wewe huwa unaangukaje? Kila mtu ana anguko lake. Nimeyakusanya, nimeyafanya mchezo. Naachia magongo, mguu wangu wa polio unakunjika, naenda chini. Nainuka, naanguka tena kwa namna ya mwingine.

Watu walipiga vigelegele. Wengine walilia. Mimi nilikuwa namtafuta mama. Alikuwa amesimama kule kwa wapinzani, peke yake, amenipa mgongo.

Iliniuma. Bado inaniuma.

Ngoma ilipokwisha nilimfuata. Aliitikia shikamoo yangu huku akinipangusa tope kwenye sketi, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

"Miaka yote nimekushika mkono usianguke," alisema. "Leo unaanguka makusudi, watu wanashangilia. Nami nikae nitazame?"

Nilitaka kumweleza habari za utafiti. Kisha nikatambua pengo lake. Nimewahoji wote wanaoanguka, lakini sijawahi kumuuliza hata mmoja wa wanaotuokota.

Hakukubali kulala kwangu. Nilimsindikiza, akarudi na kivuko cha jioni, na mimi nikabaki gatini nikilia bila kujificha.

Kikundi kinataka niongeze anguko jingine. Watanisubiri. Kesho navuka kwenda Kamanga na kaseti tupu, nikae chini mkekani, nimwombe mama anisimulie kila mara aliponiinua.

Sijui kama atanigeukia.