Uso wa Guka

Alhamisi, 4 Septemba

Nimenyoa mara mbili tena. Mara ya kwanza kwa kufuata ndevu, ya pili kinyume. Damu chini ya kidevu. Poda. Rangi ya mdomo kidogo. Kisha taa ya bafuni ikanimulika kutoka juu, mfupa wa paji ukaniwekea kivuli machoni kama kawaida yake. Kazi yote bure. Nimerusha kitana ukutani, kimevunjika.

Miaka mitatu ya homoni imenipa ngozi laini na kifua. Mfupa hausikii homoni. Mfupa hukatwa.

Daktari amenieleza yote. Anapasua ngozi kwenye mstari wa nywele, anaifunua, anasaga paji. Taya anaifikia kwa ndani ya mdomo. Mimi ni nesi, nimeona damu ya kutosha, lakini aliposema "kusaga" nilijishika paji. Amenipa Jumanne tarehe 30. Mwisho wa kuthibitisha ni tarehe 22. Sijui kama nitathibitisha. Na nikithibitisha, lazima awepo mtu wa kunirudisha nyumbani, maana hospitali haikuachii uondoke peke yako. Sina mtu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mzee wa chumba namba kumi na mbili. Akili zimemtoka, hajui mwaka wala jina la mkewe. Nimeinama kumgeuza, akanikamata kidevu akakifinya kwa nguvu zote. Akapiga kelele mtoeni huyu mwanamume. Kisha ngumi, shavuni.

Ngumi sijali, ndiyo kazi. Ni kile kidevu. Beji yangu inasema Nyambura, meneja ananiita Nyambura, wenzangu wamezoea. Halafu mtu asiyejua kitu chochote duniani anajua taya.

Nilitaka kumpiga. Nilikunja ngumi kabisa. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakutulia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani mimi bado ni Brother Njoroge. Koti pana kwenye joto hili la Houston, nywele zimefungwa nyuma, barakoa. Wanadhani barakoa ni woga wa nesi tangu enzi za korona. Naendelea kwenda kwa sababu ya nyimbo za nyumbani na chai ya baadaye. Mwoga. Naandika neno hilo kwa kuwa ni kweli.

Nimemwomba Mama Shiku, mwenyekiti wa kamati ya ustawi ya kanisa. Naye ni nesi. Nimemwambia nafanyiwa upasuaji, wanakata mfupa wa uso, nahitaji mtu wa kunirudisha nyumbani. Akaweka kikombe chini. "Mfupa? Wa uso?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga, akasema tarehe 30 atanipeleka na kunirudisha yeye, hakuuliza zaidi.

Nikashukuru kutoulizwa. Mjinga mimi.

Jumatatu, 8 Septemba

Kumbe kwetu mfupa ukikatwa ni kansa.

Nimeamka simu imejaa. Kuna kikundi cha WhatsApp kinaitwa Tumshike Mkono Bro Njoroge. Picha yangu ya zamani yenye masharubu. Watu mia na hamsini. Zamu za chakula zimeshapangwa: pilau Jumatano, githeri Ijumaa. Mmoja anasema mjomba wake alikatwa taya na anaishi hadi leo. Mwingine ameandika zaburi nzima.

Nimeandika "Si kansa," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hawa ndio walionipokea uwanja wa ndege. Mmoja wao alinifundisha kuendesha gari. Ningeanzia wapi?

Maombi ni Jumapili. Kwangu, hapa Katy.

Jumatano, 10 Septemba

Baba amepiga simu kutoka Nyeri. Anafunga, siku ya tatu hajala. Mdogo wangu Kariuki ndiye aliyemwambia, naye aliambiwa na kikundi.

Baba huniita "Baba." Ndiyo mila yetu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu, kwa hiyo mimi ni babake. Na kwangu si jina tu. Uso wenyewe ni wa Guka, babu huyo, paji, taya, kila kitu. Wazee walikuwa wakinisalimia kwa kicheko, wakisema mzee amerudi. Leo Baba amelia kwenye simu. "Wakikata, Baba, waambie wasiharibu uso wa mzee."

Hakuna anayesema habari ya meno ya Cucu, mkewe. Manne ya mbele. Hayakuondolewa na uzee. Nilikuwa na miaka sita, chini ya meza, nikaliona lile paji kwa chini likimwinamia. Familia nzima inajua. Familia nzima inausifu uso.

Nauchukia. Nikikasirika kioo kinanionyesha yeye. Nataka usagwe hadi uwe unga.

Ijumaa, 12 Septemba

Githeri imekuja. Nimeila yote. Sijasema.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Walikuja kumi na wanane. Viatu mlangoni, sufuria jikoni, chupa kubwa ya chai mezani. Kariuki alifika wa mwisho. Anaendesha malori kule Dallas, ameacha mzigo wa watu, amekuja mwendo wa saa nne, macho mekundu. Alinikumbatia hadi mbavu zikauma.

Wakanikalisha kwenye kigoda katikati ya sebule. Mama Shiku akanivua barakoa taratibu. Mafuta ya upako yakaniingia machoni. Mikono, mikono mingi, kichwani, shavuni, na kiganja kimoja kizito juu ya paji. "Shindwa! Toka kwenye mfupa huu! Toka!" Walikuwa wakisukuma mahali palepale hasa. Kariuki alikuwa amepiga magoti, ananishika miguu, analia kama mtoto.

Sikuweza kuvumilia. Nilipiga kelele si kansa. Sina ugonjwa wowote. Nakata uso huu kwa sababu mimi ni mwanamke, na jina langu ni Nyambura.

Mikono ikaniondoka kichwani. Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka.

Kariuki akasimama. "Nime-drive kutoka Dallas nikilia, Njoro. Nikilia! Mzee hajakula wiki nzima juu yako!" Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo. Nikaangukia meza, pilau ikamwagika. "Unataka kukata uso wa Guka? Kuja nikusaidie basi!" Ya pili jichoni. Ya tatu sikumbuki ilitua wapi. Wanaume walimshika shati, likararuka.

Mkono wangu ulikuta chupa ya chai. Nikampiga nayo mdomoni. Nikampiga tena. Jino likaanguka kwenye zulia, chai na damu pamoja. Ningempiga mara ya tatu, na nilikuwa nalenga fuvu. Mama Shiku alinining'inia mkononi kwa uzito wake wote. "Wachana! Jirani akiita polisi, unajua hapa nani ako na karatasi na nani hana?"

Hilo ndilo lililowatawanya. Waliondoka na viatu mkononi. Wengine walikumbuka sufuria zao.

Nilijisikia vizuri. Nilipoona lile jino nilijisikia vizuri sana. Sasa naogopa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nyuzi tano mdomoni. Nimemwambia mwenzangu aliyenishona kwamba nilianguka. Akanitazama. Cucu naye alikuwa akisema alianguka.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku tatu nyumbani. Nimesugua zulia kwa brashi mara nne, doa liko palepale.

Jana nilijitazama muda mrefu. Jicho moja limefunga, mdomo umevimba, na Guka mzima juu yake. Nikasema basi, huyu ndiye aliyeshika chupa. Akatwe, afe.

Halafu nikamfikiria Kariuki. Kariuki ana uso wa Mama. Mviringo, paji laini, kidevu kama cha msichana, shuleni walimtania kwa hilo. Na yeye ndiye aliyepiga kwanza.

Basi mfupa haumpigi mtu. Nimekuwa nikitaka daktari anisage hasira, na hakuna daktari wa hilo. Nikiamka baada ya upasuaji na paji la malaika, mkono utakuwa ni huuhuu.

Sasa nakata kwa nini? Nimechoka na nina njaa na siwezi kutafuna.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku ya mwisho ya kuthibitisha. Wamejiondoa kwenye kikundi mmoja mmoja, asubuhi nzima, hadi nimebaki mimi na masharubu yangu. Baba ameandika maneno mawili: Usinipigie tena. Kariuki amenitumia picha ya pengo lake, bila neno. Nimeandika pole. Baada ya saa nzima akajibu, "Na wewe." Tumeishia hapo.

Saa kumi jioni nimepiga simu hospitali, nimethibitisha.

Sababu si Guka. Hasira ni yangu, nitaishi nayo na nitaichunga kama mbwa mkali. Sababu ni kwamba nataka kunawa uso asubuhi, nivae, niende kazini, na mzee wa chumba namba kumi na mbili anipige ngumi kama anavyompiga nesi yeyote. Ni sababu ndogo. Nimeitafuta kubwa zaidi, sina. Inatosha.

Mtu wa kunirudisha sina tena.

Jumanne, 30 Septemba

Alfajiri mlango umegongwa. Mama Shiku, na blanketi, na chupa ya uji. "Nilisema nitakupeleka. Sikusema nimekubali."

Barabara ya kuingia mjini ilikuwa imejaa tayari. Hakuwasha redio. Tuliposimama kwenye foleni akaanza kuomba, macho wazi, mikono kwenye usukani. Aliombea daktari, mashine, damu. Alipofika kwenye jina akakwama. Magari ya nyuma yakapiga honi. "Huyu," akasema. "Baba, unamjua huyu. Amina." Akakanyaga mafuta kama anayefukuzwa.

Daktari amenichora usoni kwa kalamu ya zambarau. Naogopa kama mbuzi. Wanakuja kunichukua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nimeendesha gari mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hadi Alief tu, duka la Waafrika. Nimevaa kitambaa kichwani, mshono unatoka sikio hadi sikio. Macho yamezungukwa na kijani na manjano. Taya kama nimefichia machungwa. Daktari anasema uso wenyewe utaonekana baada ya miezi, nisijitazame sana.

Dukani kuna mama Mkongo anayeuza samaki wakavu. Nilimwomba fungu moja. Hakupima. Alinitazama, akaangalia mlango, akainama karibu nami.

"Dada. Ni bwana yako alikupiga hivi?"

Nilisema hapana, mama, ni daktari, nilifanyiwa upasuaji. Akatikisa kichwa polepole kama mtu ambaye ameshasikia habari za daktari, na za ngazi, na za mlango. "Na miye nilikuwaka nasema vile," akasema. "Kwangu kuko chumba. Ukichoka naye, kuja. Hata usiku." Akaniandikia namba yake kwenye karatasi ya kufungia samaki, akanikunjia vidole juu yake.

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo maishani. Kariuki aliponivunja mdomo mbele ya watu kumi na wanane, hakuna aliyeuliza.

Nilikaa kwanza ndani ya gari, ile karatasi mkononi. Kisha nikarudi nyumbani, nikaloweka samaki, nikawachemsha muda mrefu ili walainike.