Risiti Ndani ya Pindo la Gomesi

Mjukuu wangu Zaituni,

Hapa Kibuli tuko salama. Mjomba wako amepona mguu, na mimi bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Unauliza kama saluni yako yenye wafanyakazi wawili inahitaji kweli kutunza risiti za kodi na kusainisha mishahara. Ngoja nikukumbushie cherehani yangu.

Wahindi walipofukuzwa nchini mwaka 1972, wengi tulinunua vitu vyao harakaharaka. Mimi nilikataa kuondoka bila risiti yenye namba ya cherehani. Wenzangu walinicheka. Niliishonea ndani ya pindo la gauni langu la gomesi, pamoja na risiti ya kodi ya duka.

Siku moja askari akaingia dukani.

"Mama, mashine hii ya Mhindi ni mali ya serikali. Sisi nabeba."

"Ngoja, afande."

Nikachukua mkasi, nikafumua pindo mbele yake. Alisoma namba, akainama kuilinganisha na ya cherehani, akasoma tena.

Akanirudishia karatasi. Kisha akavua koti lake lililofumuka begani.

"Mama, unaweza shona hii?"

Nilishona, akalipa, akageuka kuondoka. Nikamwita mlangoni.

"Afande, umesahau risiti yako."

Jajja wako, mwenye cherehani ileile