Vinundu vya Kunde

Golbanti

Mjukuu wangu Komora,

Pokea salamu za nyumba hii ambayo siku hizi inaandaliwa kikombe kimoja tu. Mafuriko yameshuka, shangazi yako amehamia Garsen, na kunde nimezipanda mwenyewe.

Umeniuliza kama sisi wakulima tulivijua vile vinundu vya mizizi unavyovichunguza huko chuoni. Mimi sikuvijua. Nilikuja hapa nikiwa bibi harusi, binti wa mvuvi wa Kau, sijawahi kushika jembe. Siku moja nikipalilia, niling'oa mche wa kunde nikaona mizizi imejaa vinundu. Nikadhani ni ugonjwa. Basi niling'oa mstari mzima, nikavikwangua kwa kucha, nikapanda tena. Miche yote ikanyauka.

Mama mkwe wangu hakunigombeza. Alipasua kinundu kimoja, ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Huyu ni mgeni wa kunde," akasema. "Mwenyeji hajalalamika, wewe unamfukuzia nini, mwanangu?"

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimeelewa kwamba zile kingamwili, askari wa mwili, mnazozitoa kwenye damu ya sungura hunata mahali pamoja tu kwenye ngozi ya seli, zikang'aa kwa rangi mliyozitia, nawe ukaona pale mzizi unapompokea mgeni wake, yule bakteria anayeulisha. Kazi nzuri hiyo. Lakini umeandika kurasa nne, Komora, na sijaona mstari hata mmoja unaoniambia huko ni nani aliyekupokea wewe.

Bibi yako