Sifuri za Kituo cha Mlimani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Natumaini goti lako limepoa. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni utayasoma humu humu.

Barua yako niliipokea Jumanne. Umesema shule yako imeruhusiwa kuongezwa ghorofa, na nguzo zitafungwa nondo nne badala ya sita, kwa kuwa ramani mpya ya matetemeko imewashusha hadi eneo la hatari ndogo. Ukanishukuru, ukasema walimu wako wote wanajua kwamba aliyepiga hesabu ya ramani hiyo ni mdogo wa mwalimu mkuu. Niliisoma mara moja, nikaikunja.

Unajua nilivyofika hapa. Chuo sikukiona. Nilianza kama mwangalizi wa kituo kule mlimani, chumba kimoja na kipima tetemeko kimoja kinachosikiliza mpaka huko kwenu, nikapanda kwa kichwa changu. Wenye vyeti huku ofisini bado wananiita Mzee wa Sindano, kwa ile sindano iliyokuwa ikichora mitikisiko kwenye karatasi. Wakishacheka, wananiletea hesabu zao niwasahihishie.

Mwezi uliopita akaja binti kutoka chuo, umri wa kitindamimba wako. Hesabu yenyewe ni nyepesi: unahesabu matetemeko ya eneo, unagawanya kwa miaka ambayo mmekuwa mkiyasikiliza, unajua kwa mwaka yanatokea mangapi. Kwenu ni thelathini kwa miaka kumi na mitano, yaani mawili kwa mwaka. Binti alianza kwa shikamoo, kisha akauliza mbele ya kikao kizima mbona miaka mitano mfululizo hakuna hata moja, na kabla na baada yake ni matatu kila mwaka. Ardhi nayo huenda likizo? Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia akimaliza kunyonya arudi tuzungumze. Wakacheka zaidi, safari hii upande wangu, na ramani ikapita.

Nilikuandikia kwamba vijana wananionea wivu. Dada, haukuwa wivu.

Daftari la kituo lilikuwa na alama mbili. Sifuri maana yake leo ardhi imetulia. Kistari maana yake chombo kibovu, hatujui. Kituo chenye vistari vya miezi mitatu makao makuu walikuwa wakikifunga. Chombo changu kilipokufa niliomba vipuri kwa barua tisa, hakuna aliyejibu. Wao walinitupa kule, lakini kalamu nilikuwa nimeishika mimi. Niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, na nyinyi mlishawatangazia majirani kwamba mna mtaalamu. Nikaandika sifuri. Kesho yake sifuri. Miaka mitano, mpaka kikaja chombo kipya pamoja na barua ya kunisifu kwamba kituo changu hakikukatika hata siku moja. Kwa barua hiyo nikapandishwa cheo.

Nilipopiga hesabu ya ramani nilizijua sifuri zangu kama ninavyovijua vidole vyangu. Thelathini ilistahili kugawanywa kwa kumi. Ni matatu kwa mwaka. Nikanyamaza.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu, binti yule akiwepo. Binti hakucheka. Alivuta daftari akaanza kuhesabu upya, na hilo limenichoma kuliko kicheko. Mkuu anasema kurekebisha ramani kutachukua miezi. Nyinyi mnamwaga zege Jumatatu.

Mara mbili nimepiga namba yako nikakata kabla hujapokea. Tena mhandisi wenu hatasimamisha kazi kwa maneno ya simu. Anataka karatasi yenye sahihi. Basi dereva wa ofisi anakuja huko kesho, atakukabidhi hii mkononi. Mpe mhandisi aisome yote, hata pale ninapojivua nguo. Akisoma nusu atadhani ni woga wa mdogo mtu kwa ajili ya dada yake.

Msalimie shemeji, na walimu wako pia, ingawa sijui utawaambia nini. Ukiwa na hasira usinijibu upesi, nitangoja. Lakini nondo ziwe sita.

Ni mimi mdogo wako,
mwandishi wa sifuri zile.