Saigoni Ninayoijua Mimi

Saint Paul, Minnesota
Tarehe 7 Novemba 1996

Kwako mpwa wangu Bupe,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kyela pamoja na mama yako, dada yangu Tulia, na majirani wote wanaonitaja kwa wema. Hao wengine waache. Mgongo wa mama yako umepoa? Mimi huku sijambo kabisa, baridi yenyewe inaniogopa. Juzi theluji ilifika kiunoni, nikaenda kazini Eagan na shati la mikono mifupi, Wazungu wakasimamisha magari kunitazama.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale bohari, kila mtu asikie kwamba mpwa wangu, bibi shamba wa wilaya, anakwenda Vietnam wiki sita kusomea mpunga. Solomon, Mkenya ninayepanga naye makasha, akauliza tangu lini watu wa Kyela wafunzwe mchele. Nikamwambia anyamaze, mchele wa kwao unakuja kwa lori kutoka kwetu.

Unasema wenzako watano wamekufanya kiongozi wa matembezi, kwa sababu mjomba wako aliishi Saigoni, na kwamba mtafuata maneno yangu mstari kwa mstari. Haya, sikiliza.

Asubuhi usile hotelini. Toka, kaa kando ya barabara kwenye kile kigoda cha plastiki cha kuogeshea mtoto, uagize fo. Unaitamka kama mtu aliyeungua ulimi. Ni supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu jana, ina mdalasini na tangawizi, ndani tambi za mchele, na nyama wanaitia mbichi iivie humo humo bakulini. Utaletewa na sahani ya majani kama wanalisha mbuzi. Chuma, tupia, kamulia ndimu. Mimi niliwahi kumaliza mabakuli kumi na moja, mpishi akatoka jikoni kunipa mkono.

Mchana kula chenga. Najua umekunja pua. Kwetu chenga ni za kuku, na mgeni akipewa chenga ukoo mzima unasemwa. Kule ndiyo fahari ya mji: chenga za mchele, ubavu wa nguruwe wa kuchoma, yai juu, na mchuzi wa samaki unaonuka kama viatu vya Solomon, lakini utalamba sahani.

Kahawa inadondoka tone tone kutoka kikopo cha bati hadi kwenye maziwa ya kopo, kisha barafu. Usiiharakishe. Bia nayo wanaitia barafu, pande zima ndani ya glasi. Na Jumapili jioni watu hawaendi mahali, wanazunguka tu. Baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, wamevaa nguo za kanisani, wanalizunguka kanisa kuu kisha wanashuka mtoni kupunga upepo. Ndiyo starehe yenyewe.

Hapo nilitaka kufunga bahasha. Lakini kuna jina la mtaa lilikuwa limenitoka, basi Jumamosi nikaenda na Solomon kwa Bi Hoa, mwenye mkahawa wa Kivietnam hapa University Avenue, ambako nakula miaka tisa sasa. Mama yake alikuwa amekaa pale kaunta, bibi wa miaka sabini na nane, ana mwezi mmoja tu tangu afike kutoka Saigoni. Nikataka Solomon anione. Nikainua mkono, nikamwita yule bibi, “Em oi!” kama nilivyokufundisha barua iliyopita kwamba ndivyo anavyoitwa kila mtu.

Mkahawa mzima ukageuka. Bi Hoa akatoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, akaniuliza kama kwetu bibi yangu namwita dogo. Maana em ni mdogo wako, Bupe! Akanieleza kwamba kwao mtu huitwa kwa udugu, kama sisi, na kabla hujafungua mdomo unampima umri. Halafu akasema mtu aliyelala Saigoni hata usiku mmoja hawezi kukosea hilo.

Solomon akacheka hadi akashika meza. “Kumbe Saigoni yako iko University Avenue, mzee!”

Amesema kweli.

Mpwa wangu, sijawahi kufika Saigoni. Meli niliyofanyia kazi ya ubaharia mwaka sabini na tatu iliishia Singapore, ikashusha mzigo, ikageuka. Picha mliyoitundika sebuleni, nimesimama mbele ya soko, ni ukuta uliochorwa wa Bi Hoa. Tazama chini kushoto utaona mguu wa meza. Vyakula vyote nimevila kweli, ila hapa. Pikipiki na kanisa ni maneno ya Bi Hoa akikumbuka kwao. Ningeweza kuendelea kukaa kimya, nina uzoefu. Lakini nilikuona wewe, unayepiga goti hata kwa mgeni, umesimama mbele ya wenzako watano unamwita bibi wa watu dogo kwa sababu yangu. 

Nikamweleza Bi Hoa yote. Akafuta mikono, akauliza mimi ni mjomba wako au baba yako mdogo. Nimekaa Marekani miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Hapa wote ni anko. Nikasema mjomba. Akasema kwao pia mjomba ana jina lake, kau, akaketi kumwandikia mdogo wake Mai, anayeuza chenga karibu na soko la Ben Thanh, hukohuko Saigoni. Barua ndiyo hii ndani, anwani iko juu. Nendeni kwake jioni ya kwanza. Mwite di, yaani mama mdogo, na mfuate yeye mstari kwa mstari.

Wenzako waambie au usiwaambie, nimekubali yote mawili. Mama yako mwambie ukiwa karibu na mlango. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kufika Saigoni. Niandikie ulivyoikuta, nami nitasoma kwa sauti pale bohari, kwa jina lako.

Nisalimie wote, na safari iwe njema.

Ni mimi mjomba wako,
Edson Mwambungu