Tuktuk ya Mama Asho Inatetemeka

Jumanne, 10 Juni 2025
Sensa ndani ya mota ya tuktuk ya stima ya Mama Asho zimekufa. Akibeba maziwa ya ngamia kwa vumbi na joto la Kulamawe, zitaponea wapi! Nimeamua mota izunguke bila sensa. Kontrola, ile kompyuta ndogo ya mota, itasoma stima kidogo ambayo koili hutoa sumaku ikiipita, ndio ijue koili gani iwashwe. Shida — mota ikiwa imesimama, hakuna kitu cha kusoma. Inaanza kwa kubahatisha: inatetemeka kidogo, halafu inashika. Hapa kwa uwanja nimejaribu, imeshika kila mara. Mimi fundi Warigia, nani kama mimi!

Jumatano, 11 Juni
Nani kama mimi, kweli. Mama Asho amepakia mitungi, ikatetemeka, ikakataa. Wamama wa maziwa wakaisukuma mpaka barabarani. Salaam aleikum fundi, anasema Mama Asho, umenirudishia mgonjwa wa malaria.
Maziwa yakikosa basi ya Nairobi Jumamosi, anarudia punda wake. Na mtaa wetu wote wa Kiwanjani utajua nilishindwa na punda.

Ijumaa, 13 Juni
Nimebadilisha programu mpaka macho yanauma. Nikiendesha mimi, na mzigo wote, inaondoka. Akiendesha Mama Asho, wapi! Leo nikaacha kompyuta, nikaangalia mkono wake. Jamani! Ikianza tu kutetemeka anaachilia akseleta. Pale pale inapotaka kushika! Nikamuuliza mbona. Eti punda akitetemeka chini ya mzigo humlazimishi, unamwacha apumue. Nikamwambia hii haipumui. Akaniangalia vile unaangalia mtu hana huruma.
Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikaogopa. Programu naweza kurekebisha. Huruma ya Mama Asho nitairekebisha na nini?

Jumamosi, 14 Juni
Niko nyuma kati ya mitungi, kalamu inaruka. Tumesimama kwa kilima. Basi inapiga honi huko juu. Mara ya kwanza ameachilia akseleta. Ya pili pia — na akasema pole. Aliiambia tuktuk, si mimi!
Wamama wenzake wa maziwa wamefika, mikono tayari kusukuma. Amewafukuza! Hakuna kugusa, anasema, huyu mtoto wa watu ameteseka na hii kitu wiki nzima.
Amefunga macho. Bismillahi. Inatetemeka. Mitungi yote inatetemeka. Hajaachilia. Ai, Mama — bado hajaachilia —