Niliisingizia Kompyuta Yako

Kiambere,
Tarehe 9 Julai

Kwako kaka Bundi,

Pokea salamu zangu nyingi kabla sijaingia kwa mengine. Natumaini Kathure amepata nguvu tangu ajifungue, na kwamba kijana wenu anawaacha mlale kidogo. Huku sisi ni wazima. Mvua ilituhepa tena na ndengu zimekauka mapema. Cucu analalamika goti, na ndilo litakalomzuia kufika Muthara kwa ubatizo, lakini sauti yake haijambo. Mama anakusalimia. Baba yupo, nitamfikia.

Usishangae kupata barua siku hizi za simu. Ndani ya bahasha kuna flashi yenye wimbo wa kubembeleza mtoto, ule cucu alituimbia sote sisi wajukuu wake, beti zote kama ulivyoomba. Ningeutuma kwa simu ungefika umebanwa, nusu ya sauti imepotea njiani. Tena kuna jambo la kukuambia ambalo nikikupigia nitaishia kuchekacheka tu. Unanijua.

Unakumbuka ile rekodi fupi niliyokutumia mwezi wa tano, ukasema ni safi kama maji ya kisima. Haikuwa safi nilipoitoa jikoni. Nyuma ya sauti ya cucu kulikuwa na mvumo mzito wa chini, nami nikaamua papo hapo kwamba ni feni ya kompyuta, ile uliyonipa ulipohama. Nilikuwa naichukia kidogo, nisikufiche. Ni nzito kama jiwe la kusagia, betri yake haifiki ubeti wa tatu, na umeme wa bwawa letu la hapa unavyojua kutupita juu ya vichwa kwenda kwa wengine, sina pa kuichomeka. Basi nikaufuta mvumo kwa programu ya kusafisha sauti, nikakutumia wimbo, kisha nikaenda mjini Embu kutafuta mashine nyingine.

Huko nilimpata Muriuki, fundi anayeuza kompyuta na kurekodi kwaya. Aliniuliza kwanza nitarekodia wapi. Nikamwambia ni jikoni kwa nyanya yangu, mtu mmoja anayeimba, hakuna umeme, na mashine itabebwa kwa bodaboda. Akaziweka kando zile kubwa zenye mataa nilizokuwa nazitamani. Alinieleza kwamba kwa sauti moja sihitaji mashine yenye nguvu nyingi. Nitafute diski ya kisasa isiyozunguka, betri ya kukaa mchana kutwa, na tundu la kuchomeka kile kisanduku cha sauti kinachoshika maiki. Halafu akasema, "Madam, usinunue jina. Nunua kimya." Basi nikaweka sikio juu ya kila kompyuta dukani, hadi mteja mmoja akauliza kama naziombea. Nilichagua ndogo, nyeusi, isiyo na feni kabisa. Inaingia kwenye mkoba wangu wa kanisani na Biblia inapata nafasi.

Jumapili baada ya ibada nilimkalisha cucu kwenye kigoda chake jikoni. Sebuleni amekataa, anasema kule ni kwa wageni. Nikafukuza kuku, nikazima simu. Baba alikuwa nyuma ya ukuta anatengeneza mzinga wa nyuki, kama siku ile ya kwanza, na wala sikumhesabu. Tangu uache kwaya yake wiki moja kabla ya mashindano, ukaenda kufundisha Muthara, aliacha kuiongoza, akarudisha ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo na hajaimba tena. Kanisani husimama na kitabu kimefungwa. Hata mama alipomsomea ujumbe wako kwamba mtoto ataitwa Mutugi, jina lake yeye, kama desturi inavyotaka, alinyamaza, akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Najua ule ukimya ulikuumiza, maana hata mimi uliniumiza.

Basi nikaisikiliza rekodi mpya, na mvumo ulikuwa pale pale. Feni haipo, lakini mvumo upo. Nikawalaumu nyuki, ingawa mzinga wenyewe ulikuwa mtupu. Nikavaa hedifoni, nikarudia polepole. Cucu hupumua mwisho wa kila mstari, na mvumo nao ukawa unakatika hapo hapo, halafu unaanza naye tena. Feni haipumui, Bundi. Na mwisho wa ubeti ukashuka hadi ile noti ya chini ambayo baba alikuwa akiwagombeza watu wa besi kwa ajili yake kila Alhamisi. Nilivua hedifoni nikalia.

Kwa hivyo nakiri. Ule wimbo uliousifu usafi wake, nilimfuta baba ndani yake. Alikuwa akimwimbia mtoto wako tangu mwezi wa tano, nami nikamtoa kama uchafu. La pili, kompyuta yako nilimwachia Muriuki kama sehemu ya malipo, kwa kosa ambalo haikulifanya. Nilirudi kuiulizia, nikaambiwa imeshanunuliwa. Nisamehe yote mawili, hasa lile la kwanza.

Jana nilimpelekea baba hedifoni pale nyuma ya jiko, nikamwambia kuna sauti ya chini imeingia, na akitaka nitaiondoa. Alisikiliza beti zote, nyundo mkononi. Akanirudishia hedifoni bila kuniangalia, akasema, "Huu wimbo hauna teno."

Teno ilikuwa sauti yako, na katika kwaya yake hakumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Baadaye alimuuliza mama ubatizo ni tarehe gani, na kama viatu vyake vyeusi vilipelekwa kushonwa.

Usiusikilize kwa spika ya simu, haishiki besi. Vaa hedifoni, kisha mpe Kathure naye asikie. Msalimie sana, na umpakate Mutugi mdogo kwa niaba yetu sote. Uanze mazoezi mapema, kwa sababu baba anakuja, na unajua anavyokaripia anayechelewa kuingia.

Ni mimi dadako akupendaye,
Cicily